Jinsi ya Kulisemesha Gitaa Bila Kumeza Mpira

Mashabiki wa muziki wa dansi wana sifa moja wanayomtunza mpiga solo aliyewakuna: "Huyu gitaa lake linaongea." Marehemu Mbaraka Mwinshehe aliipata, wengi baada yake wameipata, na hata mimi niliwahi kuipata mara moja, ingawa aliyenipa alikuwa na deni langu. Ni sifa tamu, ila haina ukweli. Gitaa la Mbaraka lililia, likabembeleza, likacheka, lakini hakuna usiku lilipomwambia mtu "samahani, nimekosa basi".

Mwongozo huu ni wa wale ambao sifa ya mafumbo haiwatoshi. Wanataka gitaa liseme maneno, yenye irabu na konsonanti zake, mbele za watu, na wako tayari kugharamia. Gharama yenyewe siyo kubwa kwa upande wa pesa. Iko zaidi kwenye udenda.

Kifaa kinaitwa tokiboksi, na umekwisha kukisikia hata kama hukijui. Ile sauti ya roboti aliyelamba asali katika "California Love" ya 2Pac, wimbo wa mwaka 1995 ambao hakuna daladala wala matatu ambayo haijawahi kuupiga, siyo roboti. Ni Roger Troutman, mtu mzima kutoka Ohio, akiwa na mpira mdomoni. Ule mnong'ono wa gitaa unaofungua "Livin' on a Prayer" ya Bon Jovi ya mwaka 1986 ni Richie Sambora, naye na mpira mdomoni. Vijana wa siku hizi wakisikia hudhani ni Auto-Tune. Wasamehe. Auto-Tune ni programu ya mwaka 1997 inayomsaidia asiyefikia noti aonekane ameifikia. Tokiboksi haimsaidii mtu. Inamchukua anayejua kupiga gitaa vizuri kabisa na kumdondosha mate kwenye shati.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja la bure, na ulifanyie chumbani maana hata hili lina aibu yake. Weka mdomo kama unataka kusema "u", lakini usitoe sauti. Sasa gonga shavu kwa kidole, kama mnunuzi anavyoligonga tikiti kutaka kujua kama limeiva. Utasikia "po" ndogo. Endelea kugonga huku ukiugeuza mdomo taratibu kutoka "u" kwenda "o", kisha "a". Ile "po" inapanda. Hujaimba, hujapumua hata, na shavu lako limepiga noti tatu. Ni jambo lilelile analolisikia kila aliyewahi kujaza mtungi bombani akiwa ameupa mgongo: maji yakikaribia shingo, mlio unapanda, na anajua kugeuka kabla haujafurika. Uwazi ulio ndani ya chombo ndio unaochagua sauti gani isikike. Mdomo wako ni mtungi, tofauti ni kwamba huu una ulimi na unaweza kubadili umbo lake mara kumi kwa sekunde moja.

Hapo ndipo siri yote ilipo, na inaliumbua koo. Tumelea koo kwa tangawizi na asali miaka yote tukidhani ndilo linalosema. Ukweli ni kwamba koo hutoa mlio tu, mzito na usio na maana, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mlio huo umebeba sauti nyingi kwa pamoja, ya chini kabisa na nyingine nyingi juu yake, zinazoitwa hamoniki. Kazi ya kuzigeuza ziwe neno ni ya mdomo: ulimi, midomo na kaakaa hupanga uwazi ili baadhi ya sauti hizo zikuzwe na nyingine zimezwe. Sehemu zinazokuzwa wataalamu huziita fomanti. Kwa mwanamume mzima, "a" hukuza takribani pale penye mitetemo 700 kwa sekunde na tena penye 1,200 hivi. "I" hukuza karibu na 300 halafu inaruka mpaka zaidi ya 2,000. "U" zote mbili huzishusha chini ya 1,000, ndiyo maana inasikika kama mtu aliye ndani ya pipa.

Sasa liachishe koo kazi. Funga pumzi, nyamaza kimya, kisha mtu akuletee mlio mwingine wowote wenye hamoniki nyingi na akuingizie mdomoni kwa mpira. Wewe tamka kama kawaida, bila sauti, kama mtoto anayemsengenya mwalimu darasani. Mdomo hautauliza mlio umetoka wapi. Utaukata maneno vilevile. Mlio huo ukitoka kwenye gitaa, gitaa limesema.

Tuje kwenye vifaa. Unahitaji gitaa, ampu, honi, mpira, maiki, na familia yenye subira.

Honi ninayoisema ni ile inayofungwa juu ya gari la matangazo. Ukifungua tarumbeta lake la bati, nyuma yake utakuta kipande kizito, duara, saizi ya kopo la maziwa ya unga. Humo mna sumaku na utando mwembamba unaotetemeka, na sauti yote hutokea kwenye tundu moja dogo mbele. Kazi ya tarumbeta ni kuitawanya sauti hiyo mtaa mzima upate habari za mnada wa viatu. Wewe hutaki mtaa mzima. Tupa tarumbeta, na penye tundu funga mpira. Yangu niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi aliyeapa kwamba ilikuwa mpya, na ilipowashwa mara ya kwanza nilitegemea kabisa itaje bei ya viatu.

Kuunganisha mpira na tundu ni kazi ya fundi bomba, siyo ya fundi redio. Utapita duka la vifaa vya ujenzi utafute redusa ya plastiki, ya kushuka kutoka tundu pana hadi jembamba, na ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba. Muuzaji atakuuliza bomba linavuja wapi. Usimweleze. Mpira uwe mwembamba wa kutosha kukaa pembeni mwa mdomo, laini, urefu wa mita mbili hivi. Ukizidi sana sauti za juu zitapotelea njiani na gitaa litaongea kama lina mafua. Na uwe ule wa kupitishia vinywaji au wa hospitali. Usitumie mpira wa kumwagilia bustani. Nasema hivi kama mtu ambaye kwa siku tatu kila alichokula kilikuwa na ladha ya tairi.

Mtiririko ni huu. Gitaa linaingia kwenye ampu. Waya wa ampu ambao ungeenda kwenye spika unakwenda kwenye honi. Honi inapandisha sauti kwenye mpira, mpira unaingia mdomoni, mdomo unaikata sauti maneno, maiki iliyo mbele ya mdomo inayanasa, na mitambo mikubwa ndiyo inayowafikishia watu. Tokiboksi ya dukani ina swichi ya mguu inayorudisha sauti kwenye spika ya kawaida pale unapochoka kusema. Kama umejitengenezea mwenyewe, mambo mawili uyazingatie bila utani. Ampu ya vali usiiwashe ikapiga bila kuunganishwa na spika au honi, itaungua. Na honi haipendi besi: utando wake ni mwembamba, noti nzito zikiingia kwa nguvu unapasuka. Punguza besi kwenye ampu mpaka mwisho, au weka kichujio cha kuizuia kabla ya honi.

Sauti ianze chini kabisa. Honi hiyo imetengenezwa kusikika kutoka kituo cha basi mpaka kituo kinachofuata, na wewe unaielekeza kwenye magego. Ikizidi utahisi meno yanapiga makofi, fuvu linanguruma, na mawazo yako yote yako katika E ya chini.

Siku nilipomaliza kuunganisha yangu, bibi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Niliiweka honi ndani ya ndoo, nikaifunika na mashuka mawili ya zamani ili kelele yake isitoke pembeni, nikaubandika mpira kwenye stendi ya maiki kwa utepe, ncha yake juu ya maiki kwa sentimita chache, nikauingiza mdomoni upande wa kulia, kati ya shavu na magego, siyo katikati maana katikati ni mahali pa ulimi kufanyia kazi. Nikapiga noti moja. Shavu likatetemeka. Nikasema "wewe", kimya kimya, na spika ya sebuleni ikasema "wewe" kwa sauti ambayo haikuwa yangu wala ya mtu yeyote ninayemjua. Nywele zilinisimama.

Bibi akatokea mlangoni. Adabu ni adabu, nikamsalimia palepale, kwa gitaa, maana kuutoa mpira ghafla kunamwaga mate. Nilikusudia "Shikamoo". Kilichotoka kilikuwa "Iigawoo".

Akanitazama mimi, akatazama ndoo, akafuata mpira kwa macho kutoka kwenye ndoo mpaka kwangu.

"Marahaba," alisema. "Utoe huo mpira wa choo mdomoni, mjukuu wangu, halafu unisalimie upya."

Jibu la bibi lilikuwa uhakiki wa kwanza wa kitaalamu niliopata, na ndilo linalotuleta kwenye sehemu ambayo mwongozo wa kiwandani hauna, kwa sababu umeandikwa kwa Kiingereza: gitaa linazungumzaje Kiswahili?

Kwa upande wa irabu tumebarikiwa. Waingereza wana irabu chungu nzima, nusu yao wenyewe hawakubaliani nazo. Sisi tuna tano, kila moja mahali pake, wazi kama siku. Tena Kiswahili hakina toni. Kwa Kilingala sauti ikipanda au kushuka neno linaweza kugeuka neno jingine, kwa hiyo mpiga solo inabidi aombe ruhusa ya kamusi kabla ya kupanda noti. Sisi tunaangalia mkazo tu, silabi ya pili kutoka mwisho, ambao utaupiga kwa mkono kwa kuukaza ule uzi kidogo. Anza na maneno yaliyojaa irabu na vile vijikonsonanti vinavyoteleza, w, y, l: "yule", "leo", "wali wa leo", "ole wao". Neno bora kuliko yote, ambalo naamini liliumbwa kwa ajili ya tokiboksi na likapotea njia likaingia kwenye mazungumzo, ni "aliyeolewa". Liseme kwa gitaa taratibu. Halina mahali pa kukwama.

Taabu inaanza kwenye konsonanti nyingine. Wanafunzi wa isimu wanakumbuka habari za ghuna na sighuna: "b" na "p" hutamkwa kwa midomo ileile, mahali palepale, tofauti ni kwamba kwenye "p" koo hujizima kwa nukta fupi. Koo linajua kujizima. Gitaa halijui. Uzi ukishachomwa unaendelea kulia tu, mdomo umefungwa au umefunguliwa, kwa hiyo kila "p" yako inageuka "b", "t" inakuwa "d", "k" inakuwa "g", "f" inakuwa "v", na "s", ambayo ni hewa tupu, inajitahidi kuwa "z" ikishindwa inaondoka kabisa. Usidhani ni jambo dogo. Kuku anageuka gugu. Mwambie mkeo kwa gitaa akufulie, uone. "Fua" imekwisha kuwa "vua", na nguo ni zilezile.

Mimi nilijifunzia harusini. Bendi yetu ilifika saa ya kutunza, watu wameshika noti mikononi, wanasubiri kuitwa. Nikasema ndio wakati wa gitaa kuwaita. Maneno mawili tu niliyoyapanga wiki nzima: "Toeni pesa!" Ukumbi ukasikia, kwa sauti nzito ya kuogofya: "Doeni beza." Wenye Kiswahili chao wakatafsiri papo hapo: doa, na kubeza. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliyekuwa ameshafika mbele alirudisha noti yake kwenye kanga na kufunga fundo mara mbili.

Dawa ipo, nimeipata baadaye. Kwenye "p", "t" na "k" uzime uzi kwa kiganja nukta ileile mdomo unapofunga, kisha uuachie. Mkono unafanya kazi ya koo. Kwenye "s", "sh" na "f" pumua kweli, hewa yako mwenyewe, maiki itaidaka na msikilizaji ataiunganisha na noti bila kujua kwamba vimetoka kwa watu wawili. "M" na "n" zinabaki tatizo, maana midomo au ulimi ukifunga sauti haina pa kutokea isipokuwa puani, na inafika kwenye maiki kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Kwa lugha yenye "mb", "nd" na "ng'" kila baada ya hatua mbili, hili linauma. Kaa mbali na "ng'ombe" mpaka mwaka wa pili.

Kuna pia suala la noti zenyewe. Wapiga solo tunapenda kukaa juu, shingoni kwa chini kule nyuzi zinakolia kama ndege. Huko gitaa halisemi. Uzi wa sita ukiachwa wazi unatetemeka mara 82 kwa sekunde, na hamoniki zake zimepangana karibu karibu kama meno ya kitana, mdomo una nyingi za kuchagua. Uzi wa kwanza kwenye pingili ya 12 unatetemeka mara 659, hamoniki inayofuata iko 1,318, na katikati hakuna kitu. "I" inatafuta kitu karibu na 300 cha kukuza, haikipati, na "u" nayo vivyo hivyo. Huko juu zote zinafanana. Kwa hiyo shuka chini uongee, panda juu ukimaliza. Weka na distoshani: gitaa safi lina sauti tamu lakini hamoniki zake za juu ni chache na zinakufa haraka, neno linaishia katikati. Distoshani inaziongeza na kuzirefusha. Troutman alilikwepa tatizo hili kwa kuachana na gitaa na kuingiza kinanda cha sinthesaiza kwenye mpira wake, chenye mlio mkali usiokufa mpaka kidole kitoke. Ndiyo maana maneno yake yanasikika yote. Mimi namuonea wivu, ila naendelea na gitaa kwa sababu ndilo nililolipia.

Ukiona aibu, umetanguliwa na wengi. Mwaka 1939 Alvino Rey, mpiga gitaa la stili wa Marekani, alikuwa tayari ana gitaa linaloimba. Watazamaji walishangaa, wasijue kwamba nyuma ya pazia alisimama mkewe, Luise King, amefungwa shingoni maiki ya koo ya aina waliyokuwa wakiitumia marubani, akitamka maneno wakati mume akipiga noti. Makofi yalikwenda mbele ya pazia. Muda mfupi baadaye Gilbert Wright akaja na Sonovox, spika mbili ndogo zinazobanwa kwenye koo la mtu kutoka nje, sauti ipenye ngozi na kutokea mdomoni. Ile treni inayozungumza katika filamu ya "Dumbo" ya Disney, 1941, ni Sonovox.

Mpira wenyewe ulivumishwa na Pete Drake, mpiga stili wa Nashville, aliyetoa "Forever" mwaka 1964 kwa gitaa linalonong'ona. Mwaka 1970 Drake aliitwa London kumpigia mwanamuziki George Harrison kwenye albamu ya "All Things Must Pass", na studioni alikuwepo kijana mmoja wa Kiingereza, Peter Frampton. Drake akaunganisha mpira wake, akauingiza mdomoni, stili ikaanza kusema. Frampton ameisimulia siku ile mara nyingi. Wakati huo kulikuwa na kifaa cha dukani tangu 1969, kikiitwa The Bag, kibegi cha kuning'iniza begani kama kiriba cha maji, na Stevie Wonder alionekana nacho kwenye televisheni mwaka 1972. Lakini mashine hizi za mwanzo zilikuwa na nguvu ya studio tu. Jukwaani ngoma zilizimeza. Mwaka 1973 mpiga gitaa Joe Walsh alikuwa na wimbo wa "Rocky Mountain Way" na hakuwa na namna ya kuipiga mbele ya uwanja uliojaa, mpaka Bob Heil, fundi mitambo wa Illinois, alipomtengenezea moja yenye honi ya nguvu. Krismasi ya 1974 Heil akampa Frampton moja kama zawadi. Mwaka 1976 ikatoka "Frampton Comes Alive!", ambamo wimbo mmoja unakwenda takribani dakika 14 na sehemu nzuri ya dakika hizo ni gitaa likipiga soga na watu, na watu wanalijibu kwa vifijo. Ni zawadi ya Krismasi iliyolipa kuliko soksi.

Na kabla hatujawapigia magoti, tukumbuke kwamba kusini mwa Afrika watu wamekuwa wakiingiza mlio wa uzi mdomoni bila umeme tangu zamani. Umrhubhe wa Wakhosa ni upinde wa muziki: mpigaji anauegemeza mdomoni, anausugua uzi, na mdomo unachagua hamoniki zipi zitoke. Madosini wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2022, aliupiga duniani kote. Hakuhitaji redusa.

Kilichobaki ni fundi mitambo. Usimdharau, maana sauti yote ya tokiboksi inapita kwake. Bila maiki unachotoa ni mnong'ono wa mbu unaousikia peke yako, kichwani, kwa utukufu mkubwa. Mwambie mapema kwamba ile maiki mbele yako ni gitaa. Atakubali kwa kichwa. Mwambie tena. Kwenye harusi ya pili fundi wetu aliona maiki mbele ya mtu asiyeimba, akaizima ili isipige mluzi, na mimi nikatoa hotuba ya dakika nne kwa hisia zote, macho nimefumba, mpira mdomoni, ukumbi mzima ukimtazama mtu anayenyonya bomba bila sauti. Kuna video. Mwombe pia asiirudishe sauti yako kwa wingi kwenye spika za jukwaani, la sivyo maiki itapiga mluzi mpaka keki ipasuke.

Suala la mate halina ufundi wowote. Mdomo wenye kitu ndani hudhani ni chakula na huandaa mate ya kukimeng'enya. Meza kati ya sentensi. Elekeza mpira uwe na mteremko kabla ya kufika kwenye honi, sehemu moja ining'inie chini, ili yakiingia yatulie pale yasifike kwenye utando. Ukimaliza, chomoa, mwaga, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, utundike ukauke ncha zikiangalia chini. Usisubiri kesho. Niliwahi kusubiri kesho.

Na wakati unaendelea kufanya mazoezi, utaombwa. Kila mpiga gitaa atakayekuona atasema, "Kaka, hebu nijaribu kidogo." Honi mpe, ampu mpe, hata gitaa mpe. Mpira anunue wake, unauzwa kwa mita.